Mabwawa Safi ya Siku Moja

Vijana wangu mnaoajiriwa sasa, nawaona mkipita hapa Maisaka na pikipiki mpya na vishikwambi, mnapiga picha mabwawa ya watu na kuzituma ofisini kabla hata hamjawaamkia wenyewe. Sina ugomvi na vishikwambi. Mimi nilikuwa na daftari lililolowa, kalamu iliyofungwa uzi, na jozi ya gambuti ambayo la kushoto lilivuja tangu mwaka wa kwanza, na bado niliweza kuwa mjinga kwa kiwango ambacho kishikwambi kisingeniongezea kitu.

Nilikuwa afisa ugani wa ufugaji wa samaki hapa Babati. Watu waliniita Bwana Samaki, na mke wangu, nikimuudhi, huniita hivyo mpaka leo. Siku nilipostaafu, wenzangu walinifanyia hafla ndogo. Kulikuwa na pilau, soda, blanketi la zawadi na hotuba. Katika hotuba walisema nitakumbukwa kwa usafi wa mabwawa. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, ingawa moyoni nilikuwa navimba, kana kwamba sikuwa najua ukweli wake.

Ndipo Mama Anjela, mfugaji wa samaki kutoka Sigino, aliposimama na ndoo yenye mfuniko. Watu wakadhani ni maziwa. Akaifunua mbele ya wote. Ndani mlikuwa na maji, na juu ya maji utando wa vijani vidogo vya kijani kibichi, kila kimoja hakifiki ukubwa wa punje ya dengu.

"Bwana Samaki," akasema, "nimekuletea uchafu wako."

Ukumbi mzima ukacheka. Mimi pia nilicheka, halafu nikajikuta machozi yananitoka, na nilikuwa nimekunywa soda ya chungwa tu. Nataka niwaeleze kwa nini nililia. Mkilielewa hilo, mmeelewa karibu yote niliyojifunza kazini, maana hayakuwa mengi.

Vile vijani sisi tunaviita majani ya bata, kwa sababu bata akiviona hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Wataalamu wana jina lao la Kilatini, lemna. Nililijua jina hilo tangu chuoni. Kwenye mtihani kulikuwa na swali: taja magugu manne ya majini. Nikayataja, na hayo yakiwemo, nikapata alama zote, na hapo ndipo elimu yangu juu ya majani ya bata ilipoishia kwa miaka mingi sana. Nilijua jina lake na nilijua ni gugu. Mtu akishajua jina la kitu na aibu yake, anajiona amemaliza.

Mtu wa kwanza kunipokea kazini alikuwa Mzee Gwandu, afisa wa zamani ambaye alikuwa amebakiza miaka michache astaafu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupima maji kwa mkono. Unainama ukingoni, unazamisha mkono polepole ukiwa umekunjua kiganja. Kiganja kikipotea machoni pale maji yanapofika kwenye kiwiko, maji yana chakula cha kutosha. Kikipotea mapema, umezidisha samadi. Usipokipoteza kabisa, samaki wako wana njaa. Siku ya kwanza nilipojaribu niliinama mno nikaingia bwawani kichwa kwanza, na Mzee Gwandu, bila kucheka, akaniuliza kama huko chini nako nimeona chakula.

Alinifundisha na jambo la pili. "Usimpe mfugaji amri," alisema, "kabla hujamwuliza anachokifanya anakifanya kwa nini." Niliiandika sentensi hiyo kwenye daftari. Daftari lililowa.

Basi nikaanza kazi kwa bidii ya mgeni. Popote nilipokuta majani ya bata, niliamuru yatolewe. Nilikuwa na msemo wangu niliojitungia mwenyewe na kuupenda: "Bwawa ni sebule ya samaki. Nani anaacha takataka sebuleni?" Wafugaji walipiga makofi. Nami nikaamini kwamba makofi ni dalili ya kueleweka. Vijana, mtu akikupigia makofi kwenye semina, kwanza angalia kama chai imeshaletwa.

Sasa lazima mjue desturi yangu moja, kwa sababu ndiyo iliyoniponza, na ilitokana na adabu. Sikuwahi kwenda kwa mfugaji bila kupiga simu siku moja kabla. Huku kwetu, kumtokea mama wa watu ghafla, wewe mtu wa serikali, ni kumwaibisha. Unamkuta uwanja haujafagiwa, chai haipo, watoto wamevaa nguo za shambani. Kwa hiyo nilipiga simu. "Mama Anjela, kesho nitapita Sigino." "Karibu sana, Bwana Samaki." Na kesho yake nilikuta mabwawa yanameta. Bwawa la Mama Anjela lilimeta kuliko yote, na samaki wake, perege wazuri wenye migongo minene, walikuwa wakubwa kuliko wa kila mtu. Niliandika kwenye taarifa zangu kwamba usafi wa maji huleta ukuaji bora. Taarifa hizo zilisifiwa. Nadhani bado zipo kabatini mahali fulani, na naomba panya wazimalize.

Mama Anjela alikuwa mjane. Bwawa lake lilikuwa chini ya chemchemi, kwenye ardhi ya ukoo wa marehemu mumewe, na shemeji yake, Baba Emanueli, alilitamani eneo lile kwa ajili ya vitunguu. Wazee wa ukoo walikuwa wameamua hivi: maadamu bwawa linatunzwa, litabaki mikononi mwa mama na wanawe. Likitelekezwa, lifukiwe, parudi kuwa shamba. Na nani wa kusema kama bwawa limetunzwa? Mtaalamu. Mimi. Nilikuwa nimeshika bwawa la mjane kwenye ncha ya kalamu iliyofungwa uzi, na sikuwa na habari, maana hakuna aliyeniambia na mimi sikuuliza.

Jumanne moja nilikuwa na kikao hapa Maisaka. Kikaahirishwa. Mafuta ya pikipiki yalikuwa yamo, jua lilikuwa zuri, nikasema badala ya kurudi ofisini kusinzia niende Sigino. Sikupiga simu. Haikuwa ujanja, chaji ya simu ilikuwa imeisha.

Nilimkuta Mama Anjela amesimama ukingoni. Bwawa lote lilikuwa kijani, nusu yake limefunikwa na majani ya bata, yamezuiwa upande mmoja kwa migomba miwili iliyokatwa na kuachwa ielee. Mkononi alikuwa na ungo uliochakaa, unavuja kila upande, na kwa ungo ule alikuwa anachota majani upande huu na kuwatupia samaki upande wa maji wazi. Samaki walikuwa wanayagombania, maji yanachemka. Vijana, mtu mwenye macho angeona chakula. Mimi niliona uasi.

"Mama Anjela! Hiki ni nini?"

Aliruka. Ungo ukamponyoka. "Shikamoo, Bwana Samaki. Hukusema unakuja."

"Marahaba. Nauliza, hiki ni nini?"

Akaangalia bwawa kana kwamba na yeye ndiyo analiona sasa. "Haya? Haya yameota leo asubuhi."

Nilicheka kicheko cha mtu aliyesoma. "Leo asubuhi? Bwawa zima?"

"Jana hayakuwa hivi," akasema, akiangalia chini.

Siku hizi nikikumbuka jibu lile natamani ardhi ipasuke, kwa sababu lilikuwa karibu na ukweli kuliko kitu chochote nilichowahi kusema mimi. Majani ya bata hayangoji mbegu. Kila kijani kina mfuko mdogo ubavuni, humo kinachipua kijani kingine, kinakua, kinaachana na mama yake, na chenyewe kinaanza kuzaa. Maua ni nadra sana, mimi katika maisha yangu sijawahi kuyaona. Kwenye maji yaliyotulia, yenye samadi na joto, yanaongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu. Leo yamefunika robo ya bwawa na unasema hakuna shida, ukirudi baada ya siku mbili tatu yamefunika nusu. Mama Anjela alinidanganya kwa siku moja au mbili tu. Mimi nilikuwa nimewadanganya watu kwa miaka kumi na moja.

Lakini siku ile nilikuwa mtaalamu. Nikaomba kitabu cha wageni. Kila mfugaji alikuwa na kitabu cha wageni kilichojaladiwa kwa gazeti, na mimi ndiye niliyewaagiza wawe nacho. Nikaandika kwa herufi kubwa: BWAWA CHAFU. MFUGAJI HAFUATI MAELEKEZO. Nikatia sahihi, nikatoa muhuri mfukoni, maana nilikuwa natembea na muhuri, nikaupuliza na kugonga. Halafu nikampa maagizo: toa majani yote, yafukie mbali, na kwa kuwa maji yatabaki matupu, tia samadi debe tatu.

Akasema kwa sauti ndogo, "Debe tatu si nyingi?"

Nikamjibu, "Mama, mimi ndiye niliyesomea."

Naomba mtu asiwahi kuliandika neno hilo kwenye kaburi langu.

Jumamosi, jua halijachomoza vizuri, simu ikalia. Ilikuwa ni Mama Anjela, na safari hii hakunisalimia. "Njoo. Wanakufa."

Nilifika nikiwa nimevaa gambuti bila soksi. Bwawa lilikuwa safi kabisa, hakuna hata jani moja, sebule ya mfano. Na samaki wote walikuwa juu, midomo wazi, wanavuta hewa. Baadhi walikuwa wameshalala ubavu. Maji yalikuwa yananuka samadi, na hewa ya ndani yake ilikuwa imekwisha usiku kucha kwa ajili ya ile samadi yangu kuoza. Yale majani niliyoyafukuza ndiyo yaliyokuwa yananyonya uchafu wa samadi kila siku na kuugeuza kuwa chakula. Nilikuwa nimemfukuza mfanyakazi halafu nikaongeza kazi.

Tukafungua mfereji wa chemchemi. Tukachota maji kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, ili yaingie na hewa. Hilo nawaomba mlikumbuke kwa vitendo: samaki wakivuta hewa juu alfajiri, usitafute dawa, ingiza maji mapya, mwaga kutoka juu, na acha kuwalisha. Tulifanya hivyo mpaka mikono ikafa ganzi, yeye, mimi na Anjela mwenyewe. Jua lilipopanda samaki wengi walikuwa wameanza kushuka. Waliokufa tukawatoa kwa ule ungo.

Kisha Mama Anjela akaenda nyuma ya jiko na kurudi na beseni. Lilikuwa limejaa majani ya bata, mabichi, mazima.

"Nilificha mbegu," akasema. "Ukikasirika, kasirika."

Sikukasirika. Nilikaa chini kwenye matope. Nikamwuliza swali ambalo Mzee Gwandu alinipa nikiwa kijana mwenye nywele: "Mama Anjela, kwa nini unafanya hivi?"

Akanieleza. Aliona bata wanavyoyakimbilia, akajaribu kwa kuku, kisha kwa perege. Aliona akiyaacha yafunike bwawa lote samaki wanachoka, akiacha nusu wanachangamka. Aliona upepo unayasukuma yote pembeni yanaoza, akaweka migomba kuyazuia. Aliona mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Babati ikikaza, yanadumaa, akajua kipindi hicho asitegemee. Yote hayo bila muhuri.

"Na mimi nikija?"

"Ukipiga simu tunayachota yote usiku wa jana yake, tunayaweka kwenye mabeseni. Ukiondoka tunayarudisha."

"Mnayachota? Ninyi kina nani?"

Akaniangalia kwa huruma. "Sote wa Sigino. Ukinipigia mimi, nami nawapigia wenzangu. Wewe ulisema ni uchafu. Mgeni akija, si unafagia uwanja?"

Basi ndiyo hivyo. Kila bwawa safi nililoliandikia sifa lilikuwa safi kwa siku moja tu, kwa heshima yangu. Wale samaki wanene niliowatolea taarifa walikuwa wamenenepa kwa majani niliyoyapiga marufuku. Nilikuwa nimefagiliwa uwanja kwa miaka kumi na moja nikadhani dunia yote haina vumbi.

Ningefurahi kama mambo yangeishia hapo, na chai. Lakini kile kitabu cha wageni hakikuwepo. Baba Emanueli alipita Jumatano, akakisoma, akakichukua. Na kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, wazee wa ukoo walikuwa wanakutana.

"Wanafukia," Mama Anjela akasema. "Baba Anjela alilichimba kwa jembe la mkono, miezi miwili. Hakuwahi kula samaki wake hata mmoja. Halafu unaandika neno moja."

Sikulala vizuri siku hiyo, na nilistahili.

Kikao kilikuwa nyumbani kwa Mzee Tluway, mkubwa wa ukoo, sebuleni, kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma. Mimi sikualikwa. Nilikwenda, nikabisha hodi, nikakaa kwenye stuli karibu na mlango wa jiko. Baba Emanueli alikuwa ameshafungua kitabu. Akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, akawaonyesha na muhuri. Alisoma vizuri, lazima niseme. Mwandiko wangu haujawahi kusomwa kwa heshima namna ile.

"Mtaalamu mwenyewe ameandika," akamaliza. "Sisi tuseme nini?"

Nikaomba kusimama. "Wazee, shikamooni. Mwandiko huo ni wangu, muhuri ni wangu, na kosa ni langu. Bwawa la mama huyu ndilo linalotunzwa kuliko yote ninayoyasimamia. Mimi sikujua nilichokiona."

Mzee Tluway akakivuta kitabu kwake. "Jumanne uliandika kwa muhuri," akasema. "Leo unasema kwa mdomo. Tukuamini wa lini?"

Ilikuwa haki kabisa. Nikafanya kile afanyacho siku zote mtaalamu asiye na jibu: nikapendekeza jaribio. Nikasema niwekewe mabeseni mawili hapo hapo nyuma ya nyumba. Yote yatiwe maji yenye samadi kidogo. Moja nitie konzi moja ya majani ya bata, jingine niliache tupu. Jumapili ijayo waone wenyewe: moja litakuwa limejaa chakula na maji yametulia, jingine litakuwa linanuka na kuzaa mbu. Mzee Tluway akakubali. Wiki moja. Nilimwona Mama Anjela amefumba mikono yake kwenye kanga.

Wiki ile nilitembea kifua mbele. Sikwenda kuangalia hata siku moja, kwa kuwa nilijua kitakachotokea, nilishasoma. Jumapili nikafika nimevaa shati la kanisani.

Beseni lisilo na majani lilikuwa linanuka na kuzaa viluwiluwi vya mbu, kama nilivyosema. Beseni la pili lilikuwa na maji matupu. Hakuna jani, hata moja.

Baba Emanueli akainama, akaangalia ndani, akaangalia chini ya beseni pia. "Bwana Samaki," akasema kwa upole mbaya sana, "hicho chakula kiko wapi?"

Nilihisi jasho likishuka mpaka kwenye soksi. Mama Anjela alikuwa amegeuka upande wa ukuta. Nilikuwa nimemuua mara mbili, na mara ya pili kwa kumtetea. Nikaanza kusema kitu kuhusu joto la maji, sijui nini, maneno tu.

Ndipo mke wa Mzee Tluway alipotoka jikoni, mkononi ana ufito. "Mnauliza majani?" akasema. "Kuku wamekula! Tangu Jumatano sina amani. Nawafukuza wanarudi. Nimewawekea pumba, wakaiacha wakaenda kwenye beseni. Asubuhi naona yameongezeka tena, wanamaliza tena. Juzi jogoo ameingia mzima mzima. Hebu mtuambie hayo majani yana nini, maana mimi nataka ya kwangu."

Nilikuwa nimeweka mabeseni chini. Chini, kwenye uwanja wenye kuku. Miaka yote ya kazi, chuo, semina, na sikukumbuka kwamba kuku wana miguu.

Mzee Tluway alicheka kwanza, kicheko cha kikohozi, kisha wote. Akafuta macho. "Mtaalamu," akaniambia, "kuku wangu walijua siku ya tatu. Wewe ilikuchukua muda gani?"

Nikahesabu kwa uaminifu. "Miaka kumi na moja, mzee."

"Basi bwawa libaki," akasema. "Na anayejua kulitunza aendelee kulitunza."

Mama Anjela akakaa chini pale pale kwenye kizingiti na kulia. Wiki iliyofuata Baba Emanueli alimtuma Emanueli na ndoo kuomba majani, akasema ni ya kuku tu. Na mimi nikaomba kile kitabu cha wageni. Chini ya maneno yangu ya kwanza nikaandika: Aliyeandika hapo juu alikosea. Nikagonga muhuri. Ndiyo mara pekee ninayoamini muhuri ule ulifanya kazi yake.

Sasa niwape machache ya mkononi, kabla chai haijapoa. Usiyaache yafunike bwawa lote. Mimi mwenyewe, baada ya kustaafu na kujifanya mtume wa majani ya bata, nilichimba kibwawa hapa Maisaka, nikaenda Arusha kumwona mjukuu, niliporudi utando ulikuwa ukingo hadi ukingo na perege wangu wamekosa hewa. Nilikuwa nimehama kutoka ujinga mmoja nikaenda kupanga kwenye mwingine. Nusu inatosha, na uvune kila baada ya siku mbili tatu, maana yakibanana yanaacha kuongezeka. Usichukue kutoka mtaro wa gereji au maji yoyote usiyoyajua, kwa sababu majani haya yananyonya kila kitu, kizuri na kibaya, na samaki atakula vyote. Yakiwa mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa: ndoo nzima ukiianika unabaki na viganja vichache. Lakini kilichobaki kina nguvu ya kujenga mwili inayokaribia ile ya soya, na unaweza kuchanganya na pumba. Unapoanika, tumia turubai. Mimi nilitumia kitenge cha mke wangu, kile cha harusi ya binti yetu, na rangi ya kijani haijatoka. Ndiyo maana sasa natumia turubai.

Nasikia huko Asia watu huyapika na kula wenyewe. Nilijaribu. Mke wangu alionja kijiko kimoja, akaniuliza kama kuku wamekosa.

Juzi nilikwenda Sigino. Nimeshastaafu, sina ofisi, sina muhuri, na siku hizi sipigi simu, maana nilijiapia kwamba sitamlazimisha tena mtu anifagilie. Nilishuka kwenye bajaji juu kule, nikateremka kwa miguu. Mama Anjela alikuwa ukingoni, amezeeka kidogo, kama mimi. Akainua macho akaniona kwa mbali. Na hapo hapo, kabla hajanipungia mkono, akainama akaokota ungo na kuanza kuchota majani kwa haraka, anayatupa nje ya bwawa.

"Mama Anjela!" nikapaza sauti. "Ni mimi! Nimeshastaafu!"

Akasimama. Akautazama ungo mkononi mwake, akacheka mpaka akashika kiuno. "Najua ni wewe," akasema. "Najua na kustaafu umestaafu. Mkono ndio haujajua."

Nikacheka naye, ingawa hilo lilinichoma. Alikuwa ameshatoa ungo mzima, umelala kwenye nyasi unachuruzika. Tukainama wote wawili, tukayaokota, tukayarudisha majini.